Siku ya kugeuza: saa nane za Iringa kati ya safari mbili za Ruaha

Kundi la kwanza la wageni linatoka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha leo asubuhi, la pili linaingia kesho asubuhi. Gari ni lile lile, mpishi ni yule yule, mahema ni yale yale. Hiyo ndiyo siku ya kugeuza. Kwenye ratiba ya ofisi huandikwa kana kwamba ni siku ya mapumziko, na kosa huanzia hapo. Piga hesabu: ukitoka Msembe, makao makuu ya hifadhi, saa 12 na nusu asubuhi unafika Iringa mjini karibu saa 4, na gereji na soko huanza kufunga kuelekea saa 12 jioni. Umebaki na saa nane za kukagua gari, kuanika mahema, kufua, kununua chakula, kulipia vibali, kupokea wageni wapya na kumlaza dereva mapema. Hazitoshi kwa anayeanza kufikiria akiwa tayari mjini.

Mwongozo huu ni wa timu ndogo: gari moja la Land Cruiser ya springi za majani, dereva-mwongozo, mpishi na msaidizi mmoja, wageni wanne, kambi ya siku tatu. Mwenye magari matano atabadilisha vipimo tu, kwa kuwa mambo yanayoharibika ni haya haya.

Kazi inaanza porini

Jioni ya mwisho kambini, wageni wakishakula, kila mmoja anaandika yake kwenye daftari. Dereva anaandika gari lilivyolalamika. Akiandika "springi mbovu" hajamsaidia fundi. Aandike "nyuma kushoto linagonga likishuka korongoni, likiwa tambarare kimya", ili fundi ajue pa kuanzia. Mpishi anaandika kilichobaki, kwa kilo na idadi. Msaidizi anahesabu vigingi, anafungua na kufunga zipu ya kila hema, na anakagua kama nyani au tumbili hawajachana wavu. Tundu la ukubwa wa kidole gumba leo ni tundu la ngumi kesho.

Kisha simu zipigwe jioni hiyo hiyo. Fundi apewe aina ya injini, mwaka wa gari na dalili. Kama spea haipo Iringa, duka la Mbeya likiambiwa usiku huweza kukipakia kifurushi kwenye basi la alfajiri liendalo Dar es Salaam, nacho kikafika Iringa mchana, muda ukiwa bado upo. Ukipiga simu saa 4 asubuhi ukiwa gereji, basi hilo lilishaondoka zamani na spea yako itakuja kesho, wakati gari linapaswa kuwa njiani. Ikiangukia Jumapili ndiyo zaidi: maduka mengi ya spea hayafunguliwi, au hufunguliwa baada ya ibada na hufungwa mapema. Timu iliyozoea haiachi bushi, mkanda wa feni, filta ya dizeli na jani kuu la springi vinunuliwe siku ya kugeuza. Vinakaa stoo muda wote wa msimu.

Angalia kabla ya kuosha

Ukishawashusha wageni na mizigo yao (hakikisha chini ya viti, chaja na miwani hupenda kubaki huko), shusha mahema na magodoro kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu yanahitaji jua na jua halisubiri. Halafu gari liende kwa fundi likiwa na vumbi lake.

Hapa wengi hukosea. Wanapitia sehemu ya kuoshea magari ili fundi akute chuma safi. Lakini vumbi la njia ya Ruaha ni shahidi mzuri kuliko taa ya gereji: penye kuvuja oili panaonekana kama doa jeusi lenye unyevu, na penye kuchezacheza pana alama ya chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Ukiosha, ushahidi wote umekwenda na maji. Ingia chini kwanza na tochi, weka alama ya chaki, ndipo lioshwe, ndipo ufunguliwe mkebe wa spana.

Springi zikaguliwe jani kwa jani. Ufa huanza karibu na pale yubolti (bolti za umbo la U) zinapobana, na mara nyingi utauona kama mstari mwembamba wa kutu ya rangi ya matofali. Bolti ya katikati inayoshikilia majani pamoja ikikatika, ekseli husogea, na gari hutembea upande kama kaa. Simama mita 30 nyuma yake barabarani uone kama magurudumu ya nyuma yanafuata ya mbele. Yubolti zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, si likiwa juu ya jeki. Bushi za shokapu hazina thamani ya kubishania: mpira ukishapasuka, badilisha.

Magurudumu: inua moja moja, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, beringi inahitaji kukazwa au kubadilishwa. Grisi ipigwe kwenye kila nipo (kichuchu cha kupigia grisi), hasa kros za propela, mpaka ya zamani itoke. Ikitoka na maji au ikiwa na rangi ya maziwa, gari lilivuka mto kwa kina, na oili ya difu nayo iangaliwe. Difu yenye maji hutoa oili iliyopauka kama chai ya rangi iliyomiminiwa maziwa.

Tairi zipimwe asubuhi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, maana tairi lililotoka safari ya saa tatu lina upepo uliopanda na litakudanganya. Tairi za akiba ziwe mbili. Fundi pancha akirudisha tairi la tyubu, mwombe uone tyubu ndani ya maji kabla hajaifunga. Mwiba wa mgunga una tabia ya kubaki ndani ya tairi baada ya kutoboa, akiziba bila kupapasa ndani kwa kiganja, umelipia pancha ya pili mapema.

Ea klina: ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unashindilia vumbi kwenye karatasi. Ishike dhidi ya mwanga. Ukiona tundu la mwanga wazi, itupe, hata kama ni mpya. Filta ya dizeli ina koki ya kutolea maji upande wa chini. Ifungue mpaka dizeli safi itoke, ifunge, pampu kwa mkono mpaka iwe ngumu.

Rejeta ndiyo itakayokuaibisha kuanzia Machi hadi Juni. Majani yakiwa marefu, mbegu zake hujipanga mbele ya rejeta kama zulia, upepo haupiti, na gari linachemka kwenye njia ya tambarare huku fundi akishuku thamostati. Toa mbegu kwa kupuliza kutoka upande wa injini kwenda mbele. Ukitumia maji, yasiwe ya presha kali ya mashine ya kuoshea, kwa sababu mapezi ya rejeta hulala na hayapitishi hewa tena. Wavu wa mbu uliofungwa mbele ya grili huzuia mbegu nyingi, na husafishwa kwa kukung'utwa tu kila jioni. Ukiwa hapo hapo, ingia chini uondoe majani makavu yaliyojikunja juu ya eksozi. Hayo huwaka.

Vingine kwa haraka: maji ya betri zote mbili, reli za paa la kunyanyua, mikanda ya viti, kizima moto na mshale wake, pembetatu mbili, jeki ya kawaida na jeki ya Tanganyika (ile ndefu ya kunyanyulia juu), kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki mchangani. Vitambaa vya viti visiwe vya bluu wala vyeusi. Mbung'o hufuata rangi hizo, na wageni watakuchukia siku ya kwanza.

Dizeli ya kutosha, jioni

Kwa safari hii: kwenda na kurudi ni kilometa 260 hivi, mizunguko ya wanyama kilometa 110 kwa siku mara tatu, jumla karibu 590. Injini ya dizeli ya Land Cruiser aina ya 1HZ yenye mzigo, gia ndogo na kusimama bila kuzimwa itakula lita 16 hadi 20 kwa kilometa 100. Hiyo ni lita 95 hadi 118, ongeza 20 za dharura. Gari lenye tangi moja la lita 90 linahitaji madumu matatu ya lita 20 yanayokaa nje, mbali na wageni na mbali kabisa na unga na mkate. Jaza jioni. Asubuhi kila gari la Iringa liko kituoni, na usiku tangi tupu hutengeneza unyevu ndani.

Mahema, shuka na baridi ya Iringa

Iringa iko juu, karibu mita 1,600, na Juni hadi Agosti asubuhi zake si za kuanika kitu. Nguo iliyofuliwa saa 10 jioni haikauki mpaka kesho, na shuka mbichi iliyofungwa kwenye begi inafika Ruaha ikinuka. Kwa hiyo shuka ziwe seti tatu kwa kila kitanda: moja imetumika, moja kwa dobi, moja safi imekunjwa. Ukiwa na seti tatu, siku ya kugeuza haina kufua kwa haraka. Unabadilishana tu na dobi, chafu kwa safi.

Hema lifagiliwe ndani, ligeuzwe, lianikwe limesimama kama lilivyo kambini. Likikunjwa na unyevu, ndani ya siku mbili ukungu umeota madoa meusi ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote, na ukipiga jiki rangi na kinga ya mvua vinaondoka pamoja. Masika, kama hakuna jua, lisimamishe ghalani milango wazi. Zipu ipigwe mswaki mkavu kutoa vumbi, kisha mshumaa upitishwe juu ya meno yake. Usiweke grisi wala oili: zinanasa vumbi na zipu hufa mapema.

Mpishi sokoni

Mpishi asiende sokoni kabla ya kufungua madeli (masanduku ya barafu). Nusu ya hasara ya chakula ni kununua kilichopo. Madeli yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni, yaachwe wazi juani, na la vinywaji lisichanganywe na la nyama: la vinywaji hufunguliwa mara hamsini kwa siku, barafu yake inaisha siku ya pili. Nyama igandishwe usiku kucha ikiwa imegawanywa kwa mlo, kilo 8 hivi kwa watu saba kwa milo sita, ipangwe chini, ya siku ya mwisho ikae chini kabisa. Chupa za lita 1.5 zilizojazwa maji safi na kugandishwa zinafanya kazi ya barafu na baadaye zinanyweka.

Soko Kuu ni pazuri mchana baada ya joto la watu wa asubuhi kupungua, lakini nyanya nzuri huwa zimechaguliwa. Nyanya nyingi hutoka Ilula, na zinasafiri vibaya zikiwa zimeiva zote. Nunua za rangi tatu: nyekundu za kesho, za chungwa za keshokutwa, za kijani zilizoanza kubadilika za siku ya mwisho. Muuzaji atakuwekea nyekundu tupu kwa sababu ndizo zinazomharibikia. Msalimie kwanza, umwambie mapema.

"Kamwene mama. Naomba kilo nne, lakini nichanganyie, hata za kijani."

"Za kijani utapika nini, mwanangu?"

"Nazipeleka porini, mama. Zitaiva njiani."

Atakuchagulia mwenyewe, na vizuri kuliko ambavyo ungechagua wewe.

Mayai: mawili kwa kila mtu kila asubuhi ni 42 kwa watu saba, chukua trei mbili, maana barabara itachukua sehemu yake. Trei ifungwe kati ya magodoro, si juu ya gurudumu la nyuma. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu kwa siku, yaani 63, na Septemba na Oktoba weka 4 kwa mtu, kwa sababu joto la bonde la Ruaha si la Iringa. Vyote vifungwe kwenye ndoo, vikapu na masanduku. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na getini haitapita kimya kimya. Machungwa na ndizi zisilale karibu na hema. Tembo ana pua.

Gesi ipimwe, isikisiwe kwa kutikisa. Kwenye shingo ya mtungi kuna uzito wake ukiwa mtupu. Uweke kwenye mizani ya dukani: ukionyesha kilo 19.3 na shingoni pameandikwa 14.8, una gesi kilo 4.5. Kupikia watu saba pamoja na maji ya chai na ya vyombo hula kilo moja hadi moja na nusu kwa siku. Kilo 4.5 hapo inatosha kwenye karatasi tu. Upepo wa jioni unaopuliza moto pembeni haujahesabiwa. Nenda na mtungi wa pili uliojaa.

Vibali

Kibali cha TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) huhesabiwa kwa saa 24 tangu kuingia. Kundi linaloingia saa 5 asubuhi na kutoka saa 5 na nusu siku ya mwisho limevuka, na nusu saa hiyo inaweza kulipiwa kama siku nzima. Ndiyo maana saa ya kuingia hupangwa kwa kuangalia saa ya kutoka. Malipo hayapokelewi kwa noti getini: namba ya malipo itengenezwe na kulipiwa siku ya kugeuza kabla ofisi haijafungwa, risiti ichapishwe na pia iwe kwenye simu. Majina yawe kama yalivyo kwenye pasipoti. Raia wa Afrika Mashariki ana ada yake kwa shilingi na lazima aonyeshe kitambulisho. Asiye nacho hulipa kama mgeni. Umri wa watoto uandikwe sawasawa, maana walio chini ya miaka 5 hawalipi na wa 5 hadi 15 wana ada yao. Kadi ya gari iwepo, kwa kuwa ada ya gari hufuata uzito na nchi iliposajiliwa. Ongeza bima na leseni ya biashara ya utalii. Tazama tarehe zake leo, si ukiwa dirishani.

Mgeni anayeunganisha safari zote mbili

Huyu ndiye husahaulika. Wenzake wameondoka, kundi jipya halijafika, na yeye yuko Iringa bila gari wala ratiba. Mweleze usiku wa mwisho kambini mambo manne: atalala wapi, kibali chake cha zamani hakitamrudisha ndani hivyo cha pili kimelipiwa au kinamsubiri yeye, nguo zake zifike kwa dobi kabla ya saa 5 asubuhi kama anazitaka kesho, na kiti chake garini. Kiti kina uzito wake: aliyekaa dirishani siku tatu huamini ni chake, na kundi jipya halijui hivyo. Dereva aseme mapema kwamba viti vitazunguka kila siku.

Mchana wake usiachwe tupu. Makumbusho ya Mkwawa yako Kalenga, kilometa chache kutoka mjini kwenye barabara hiyo hiyo ya Ruaha. Isimila, kwenye nguzo za udongo na zana za mawe za kale, iko upande wa barabara ya Mbeya. Mpeleke kwa teksi au bajaji. Gari la safari liko kwa fundi na lisitolewe kwa sababu yoyote.

Wageni wapya na Kitonga

Wanaotoka Dar es Salaam kwa barabara wana kilometa karibu 500 na mlima Kitonga. Lori moja likikwama kwenye kona zake, foleni inaweza kula saa kadhaa, na wageni waliotarajiwa saa 10 jioni wanafika saa 3 usiku wamechoka. Usipange maelezo ya safari yafanyike usiku huo. Yaandikwe ukurasa mmoja, yaachwe mapokezi: saa ya kuondoka, mizigo ya begi laini, nguo zisizo za bluu wala nyeusi, sweta la asubuhi. Maelezo ya mdomo yatasemwa garini.

Dereva hapokei wageni usiku. Saa 3 awe kitandani. Mtu aliyeamka saa 11 alfajiri Msembe, akashinda gereji, kisha akakaa mapokezi hadi saa 5 usiku akisubiri basi, ndiye atakayesinzia kesho kabla ya kufika kijiji cha Idodi njiani, na hakuna ukaguzi wa springi unaotibu hilo. Msaidizi au mtu wa ofisi apokee.

Asubuhi

Pakia usiku vyote isipokuwa madeli na mabegi ya wageni. Vizito chini na mbele ya ekseli ya nyuma, vyepesi juu ya paa. Saa 11 na nusu dereva anapima tairi zikiwa baridi, oili na maji. Saa 12 mnaondoka.

Kama gurudumu lolote lilifunguliwa jana, nati zake zitalegea kidogo baada ya kilometa 50 hadi 100 za kwanza. Simama kijijini kabla ya Tungamalenga, wageni wakinyoosha miguu, uzikaze upya kwa mpangilio wa msalaba, upapase vitovu vya magurudumu kwa kiganja. Kitovu kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, beringi imekazwa kupita kiasi au breki inashika, na hapo bado una mafundi na mtandao wa simu.